Visiwa vya Mawe Katika Nchi ya Kiu

MTU akikuambia kwamba Kitui kuna visiwa, bila shaka utamcheka. Utamwuliza bahari iko wapi katika nchi ambako ikifika Septemba akina mama huchimba mchanga wa mto mkavu hadi wakazama mabegani ndipo wapate mtungi mmoja wa maji. Lakini visiwa vipo, tena si kimoja wala viwili, na aliyevipa jina hilo hakuwa mtu wa mzaha.

Alikuwa mwanajiolojia Mjerumani, Wilhelm Bornhardt. Mwaka wa 1900 alichapisha kitabu kuhusu sura ya nchi na miamba ya Afrika Mashariki iliyokuwa chini ya Wajerumani, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo Tanzania bara ya leo. Katika safari zake aliona vilima vya mwamba mtupu vikichomoza ghafla katikati ya nchi tambarare, mithili ya visiwa baharini. Akaviita kwa lugha yake Inselberg, maana yake mlima-kisiwa. Jina hilo likashika, na leo wanafunzi wa jiografia kutoka Nairobi hadi Rio de Janeiro hulikariri bila kujua kwamba lilizaliwa huku kwetu.

Sasa, ndugu msomaji, ukitaka kuviona visiwa hivyo bila kupanda jahazi wala ndege, nenda Mutomo.

Mutomo ni mji mdogo kusini mwa Kaunti ya Kitui. Wengi wanaujua kwa hospitali ya misheni ya Our Lady of Lourdes, ambako wagonjwa hutoka mbali kutafuta tiba. Wapenda mimea nao wanaujua kwa kilima chake cha mawe, kilichotengwa katika miaka ya 1960 kiwe hifadhi ya mimea ya nchi kavu, kama vile mishubiri na mingine inayojua kukaa na kiu. Mimi naujua kwa sababu ndiko alikozaliwa mama yangu, na huko ndiko susu, yaani nyanya yangu, anakoishi hadi leo.

Nilikwenda huko Agosti 2024, shule zilipofungwa, kwa sababu ya simu ya mjomba. Mjomba si mtu wa kupiga simu ovyo. Kawaida yake ni kutoa mlio mmoja kisha akate, nawe ujue ni zamu yako kununua salio. Siku hiyo alisubiri hadi nikaipokea. Nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Dalali mmoja alikuwa amefika nyumbani kwa gari kubwa, akatembea katika shamba la chini, akaokota mawe meupe. Aliyagonga kwa nyundo ndogo, akayadondoshea maji fulani kutoka katika kichupa. Mawe yakatoa povu. Dalali akatabasamu, na kabla jua halijatua alikuwa ametaja bei ya ekari zote sita, pamoja na mwamba ulio juu yake.

Mjomba ana kijana aliyepata nafasi katika chuo kikuu. Aliposikia bei ile hakulala. Susu naye aliposikia aliingia jikoni akafunga mlango, akakataa kuzungumza na yeyote.

“Wewe ndiwe unayeandika magazetini,” mjomba aliniambia. “Njoo utuambie hayo mawe ni nini.”

Mimi nilisomea uandishi wa habari, stashahada ya miaka miwili, wala sikufundishwa mawe. Lakini kazi hii ina faida yake moja: humfundisha mtu kuuliza bila haya. Nilimwendea rafiki yangu aliyesomea jiolojia, akanikalisha chini jioni mbili nzima na ramani. Nilishangaa kujua kwamba kusini mwa Kitui hapakuwa mahali pasipojulikana hata kidogo. Wataalamu wa serikali walikwisha kupita kule kwa miguu, wakachora ramani na kuchapisha ripoti za miamba yake tangu miaka ya 1950 na 1960. Wasiojua kilichomo ardhini mwa Mutomo ni wenyewe wanaolima juu yake.

Nilifuatana na binti yangu wa gredi ya tano, ambaye hakuna swali analoliacha lipite. Tulishika barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, tukakata kushoto. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi tupu, abiria akishuka hatambuliwi na mamake. Siku hizi ni lami kutoka Kibwezi, kupitia Ikutha na Mutomo, hadi Kitui mjini.

Kulia kwetu, kabla ya kukata kona, tuliacha vilima vya Chyulu. Hivyo ni vitoto kwa hesabu ya miamba, kwani ni volkano ambazo ziliwaka mara ya mwisho katika karne ya 19. Lakini ng’ambo ya mto Athi kuna kitu cha ajabu zaidi, ambacho wasafiri wengi hukipita wakisinzia. Ni uwanda wa juu wa Yatta.

Ukiutazama kwa mbali utadhani mtu alishika rula akapiga mstari juu ya upeo wa macho. Ni ukuta mrefu wenye kichwa bapa, unaoanzia upande wa Ol Donyo Sabuk karibu na Thika na kuteremka hadi ndani ya mbuga ya Tsavo, karibu kilomita 300. Ukuta huo ni lava iliyoganda, aina iitwayo fonolaiti, na umri wake ni takriban miaka milioni 13. Inatajwa kuwa miongoni mwa mikondo ya lava iliyo mirefu kabisa duniani.

Jinsi ulivyojengeka ndiko kunakofurahisha. Lava hiyo haikumwagika juu ya kilima. Ilifuata bonde la mto wa kale, kama uji unaofuata mfereji, ikaganda humo. Baadaye mvua na upepo vikaula udongo na miamba laini ya kando mbili, miaka nenda miaka rudi, lakini lava ilikuwa ngumu haikulika. Pande zote zikashuka, nayo ikabaki juu.

“Kwa hivyo sasa tunapanda mahali ambapo palikuwa chini?” binti yangu aliuliza gari lilipoanza kukwea.

Naam, ndivyo. Na Athi, ambao ni mto, unapita chini ya kilima ambacho kilikuwa mto. Nilimwona dereva akigeuza kioo chake atutazame vizuri.

Ukishuka upande wa pili unaingia Ikutha, na hapo miamba hubadilika kabisa. Huko nyuma ulikuwa katika mambo ya moto na volkano. Sasa umeingia katika mambo ya kale sana, na visiwa vya Bornhardt vinaanza kujitokeza kimoja kimoja: jiwe kubwa la kijivu huku, jingine lenye kipara kule, na katikati yake miiba, mibuyu na ardhi nyekundu.

Mwamba wa kwetu hauna jina katika ramani. Ni mkubwa kiasi cha kuuzidi kidogo uwanja wa mpira, umevimba kama mgongo wa ng’ombe aliyelala. Asubuhi iliyofuata mjomba alituongoza kuupanda. Mawe yake yamepigwa mistari ya rangi, mweusi na mweupe, mweusi na mweupe, kama punda milia. Wanajiolojia huiita naisi. Si jiwe lililotoka katika volkano, wala si tope lililoganda tu. Ni jiwe lililozaliwa mara mbili: lilikuwa jiwe jingine, likazikwa kilomita nyingi chini ya ardhi, likapikwa na kukandamizwa hadi likageuka. Ndiyo sababu wanaliweka katika kundi la miamba geuzi.

Juu ya mwamba tuliona vipande bapa vikubwa vimebanduka kama maganda ya kitunguu. Nilikuwa nikidhani tangu utotoni kwamba ni radi. Sivyo. Jiwe hili lilikaa chini ya uzito mkubwa mno. Uzito huo ulipoondolewa na mmomonyoko, jiwe likapumua, likatanuka kidogo, likapasuka sambamba na ngozi yake. Ndiyo maana visiwa hivi huwa vya mviringo. Havichongwi kwa nje tu, hujimenya vyenyewe.

Binti yangu aliona vitu vinavyong’aa akapiga kelele kwamba ni dhahabu. Ilikuwa ulanga, ambao hubanduka kwa ukucha, ukurasa kwa ukurasa, kama kitabu. Kisha akaona punje nyekundu zilizokwama ndani ya jiwe kama mbegu za komamanga. Hizo ni ganeti, na jina hilo lenyewe lina asili moja na jina la komamanga katika Kilatini. Msikimbilie nyundo! Ganeti za namna hii ni nyingi katika miamba yetu, na karibu zote zina nyufa hata sonara hawezi kuzitia mkononi.

Lakini jamaa zake wa karibu si wa kudharauliwa. Mwaka wa 1967 mwanajiolojia kutoka Uingereza, Campbell Bridges, alipata ganeti ya kijani kaskazini mwa Tanzania, na miaka michache baadaye akaipata tena Taita, upande wetu. Mwaka wa 1974 jiwe hilo likapewa jina la tsavorite kwa heshima ya mbuga ya Tsavo, na leo huuzwa kwa bei ya kumtia mtu kizunguzungu. Bridges mwenyewe aliuawa huko Taita mwaka wa 2009, katika ugomvi wa machimbo. Nimeitaja habari hiyo makusudi, kwa kuwa kila mahali panapotajwa vito watu hukumbuka bei wakasahau mazishi.

Alasiri tulishuka hadi kwenye korongo la mchanga. Mjomba alileta sumaku aliyoing’oa katika spika ya redio iliyokufa. Binti yangu aliiburuta mchangani, na ilipoinuliwa ilikuwa imeota ndevu nyeusi. Huo ni mchanga wenye chuma. Wahunzi wa Kikamba wa zamani waliujua sana. Waliukusanya katika mito baada ya mvua, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi, wakafua mishale, mapanga na minyororo myembamba iliyosifiwa hadi pwani. Hawakuwa na diploma ya madini hata mmoja.

Mawe meupe ya dalali yalikuwa chini ya mwamba, mkanda wenye upana wa hatua kama ishirini unaokatiza shamba la mahindi. Rafiki yangu alikuwa amenifundisha jaribio ambalo hata wewe msomaji unaweza kulifanya mezani. Ponda jiwe liwe unga, kamulia ndimu, kisha sikiliza. Likiwa ni jiwe la chokaa litachemka na kutoa povu mara moja. Likivuta miguu, likatoa vipovu vichache tu kwa uvivu, basi huenda lina magnesi nyingi ndani yake, nalo huitwa dolomaiti.

La kwetu lilivuta miguu.

Kabla sijaeleza maana ya hayo, hebu nikueleze lilikotoka, kwa sababu ndiyo sehemu iliyoninyima usingizi mimi, si bei. Mawe hayo ni marumaru, na marumaru ni chokaa iliyopikwa. Nayo chokaa ya namna hiyo hutengenezwa chini ya bahari. Kwa lugha nyingine, shamba la mahindi la mjomba liliwahi kuwa sakafu ya bahari.

Bahari hiyo ilikuwa kati ya mabara mawili ya kale. Mabara yakasogeleana, yakagongana kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita hivi, na bahari ikafungwa. Matope na chokaa vilivyokuwa chini yake vikakunjwa kama nguo ndani ya sanduku, vikazikwa, vikapikwa. Mahali pa mgongano pakainuka safu ya milima ambayo wataalamu huifananisha na Himalaya ya leo. Milima yote hiyo imekwisha kuliwa na mvua. Tunachokanyaga Mutomo ni mashina yake tu.

Mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliupa mkanda huo wa miamba jina la Msumbiji mwaka wa 1951, kwani unapita Kenya na Tanzania hadi kule. Ndani yake mna tanzanaiti ya Merelani, tsavorite ya Taita, na rubi za Montepuez huko Msumbiji. Zamani hizo Madagascar na Sri Lanka zilikuwa zimeshikana na Afrika papa hapa ubavuni, na ndiyo maana nazo zina vito vya ukoo mmoja na vyetu.

Tena kuna Shelisheli. Visiwa vile vya mbali, katikati ya Bahari ya Hindi, huwashangaza wataalamu kwa sababu visiwa vingi vya katikati ya bahari ni volkano au matumbawe, lakini Mahé na wenzake ni graniti tupu ya kale, umri wa miaka milioni 750 hivi. Ni kipande cha bara kilichoachwa nyuma India ilipojitenga na kukimbilia kaskazini. Nilimwonyesha binti yangu picha za Mahé katika simu: mawe ya kijivu yenye vipara, yaliyojimenya, yenye mifereji ya mvua. Akatazama picha, akatazama mwamba wetu. “Ni hapa hapa,” alisema, “ila wao wana maji.”

Maji. Hapo ndipo niliporudi katika shida ya mjomba.

Jioni tulikaa nje na bakuli la muthokoi. Mjomba alitaka jibu moja tu: ni mali au si mali? Nilimweleza nilichojua. Kiwanda cha simiti huhitaji takriban tani moja na nusu ya chokaa kwa kila tani moja ya klinka, yaani yale madonge yanayosagwa kuwa simiti. Kiwanda hakijengwi kwa ajili ya mkanda wa hatua ishirini, kinataka vilima vizima. Halafu magnesi ikizidi, simiti huvimba baadaye na kupasua ukuta, kwa hiyo viwanda huwa na kipimo chake na hukataa jiwe lililokipita. Dolomaiti ina kazi nyingine, kama kutibu udongo wenye asidi na kutengenezea vioo, lakini bei yake si ya kumfanya mtu auze nyumba.

“Basi mbona dalali anaitaka?”

Pengine anajua zaidi yetu. Pengine anajua kidogo kuliko sisi, anabahatisha tu. Au pengine hataki jiwe jeupe kabisa, anataka ardhi iliyo karibu na lami na jiwe jeupe ni kisingizio. Mimi si mwaguzi.

Kuhusu sheria nilikuwa na uhakika zaidi. Katiba ya 2010 inasema madini yote ni mali ya umma. Hata ukiwa na hatimiliki, chako ni shamba, si kilicho chini yake. Lakini Sheria ya Madini ya 2016 haimruhusu mtu kuchimba katika ardhi ya mwenyewe bila idhini yake, na inadai fidia kwa hasara. Ushuru wa madini hugawanywa mafungu matatu: asilimia 70 huenda kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya pale machimboni. Ukiuza shamba leo na kuhamia mjini, hiyo asilimia 10 itawakuta wenzako, wewe utaisoma gazetini.

Mjomba akanikumbusha Mui. Kaskazini mwetu, katika bonde la Mui, serikali ilianza kutafuta makaa ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1990 na ikayapata. Mwaka wa 2013 mkataba wa kugawana faida ulitiwa sahihi na kampuni ya Fenxi ya China, kesi ikapelekwa Mahakama Kuu na kuamuliwa 2015. Makaa bado yamo ardhini. Kuna watu waliokaa miaka yote hiyo bila kujua kama wajenge nyumba ya mawe au wasubiri kuhamishwa, na ukipita huko utakuta misingi iliyoishia njiani. Mali iliyo chini ya ardhi ina tabia hiyo, hukuzuia kuishi hata kabla haijachimbwa.

Susu alikuwa amenyamaza wakati wote. Alipofungua kinywa hakuzungumzia chokaa.

“Mwulize mjomba wako,” alisema, “nani alileta mawe ya ule ukuta.”

Ukuta anaousema uko kwenye mwamba. Ni kijiukuta cha kufika magotini, kimezunguka ubavu wa jiwe kama mshipi, kikielekeza maji ya mvua katika tangi lililojengwa kwenye mkunjo wa chini. Mutomo ina matangi mengi ya namna hiyo. Mengi yalijengwa katika miaka ya 1980, wakati wa mradi wa maji na udongo uliofadhiliwa na Denmark, na wananchi walitoa kazi ya mikono. Susu alibeba mawe na mchanga kutoka korongoni, na aliyekuwa mgongoni mwake ni huyu huyu mjomba anayetaka kuuza.

Sababu ya matangi hayo ni jiolojia tupu. Naisi ni jiwe lililofumbana, halinywi maji. Kisima kikichimbwa hutegemea kukuta ufa, na hata ufa ukipatikana, maji yake katika sehemu nyingi za kusini mwa Kitui ni ya chumvi, kwa kuwa yamekaa na mawe muda mrefu na mvua ya kuyachuja ni haba. Ng’ombe huyanywa kwa kukunja uso. Chai haipikiki nayo. Lakini kasoro hiyo hiyo ya jiwe, kutonywa maji, ndiyo inayolifanya liwe paa bora kuliko mabati.

Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la binti yangu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja ni lita moja. Mwamba wetu ni kama hekta moja, yaani mita mraba 10,000. Mvua moja nzuri ya Novemba, tuseme milimita 30, huangusha juu yake lita 300,000. Toa thuluthi kwa kupotea na kukauka, zinabaki lita 200,000. Ni mitungi 10,000 ya lita 20. Nyumba arobaini, kila moja ikichota mitungi mitano kwa siku, zingeyatumia maji hayo kwa siku 50. Mvua moja tu!

Mjomba aliiangalia hesabu ile kwa muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho kilinifanya nimheshimu. “Hesabu yako ni nzuri,” alisema. “Lakini nyumba arobaini hazilipi karo ya mtoto wangu.”

Alisema kweli. Sisi tunaotoka Nairobi na mikate na sukari hupenda sana kuwafundisha watu wa nyumbani thamani ya walichonacho, kisha tunarudi kwenye mifereji yetu. Majirani huchota bure tangu zamani, hakuna aliyewahi kuleta hata sabuni. Tangi lenyewe limejaa tope hadi nusu. Nayo baruti ya machimbo ikipigwa hatua mia tatu kutoka pale, sijui kama ukuta wa miaka arobaini utaimeza.

Siku ya tatu wazee wa nyumba zile waliitwa. Sikuwa na la kusema, nikaketi nyuma na akina mama. Walizungumza kuanzia saa tatu hadi jua likawa utosini. Mzee mmoja alisema wazi kwamba yeye angeuza. Mama mmoja akamwuliza wajukuu zake wangekunywa nini, naye akajibu kwamba wajukuu zake wote wako Mlolongo. Watu walicheka, lakini hakuna aliyesema amekosea.

Yaliyoafikiwa ni haya. Kila nyumba italipa kila mwezi kwa maji, kiasi kidogo, na nusu ya fedha itakwenda kwa mwenye shamba. Dalali ataambiwa alete barua na leseni, si kichupa. Mimi nilikabidhiwa vipande viwili vya jiwe jeupe, vimefungwa katika karatasi ya unga, nivipeleke katika maabara ya madini ya serikali, Madini House, hapo eneo la viwanda. Kijana alikwisha kujaza fomu za mkopo wa HELB, na mbuzi wanne waliuzwa kwa ajili ya muhula wa kwanza. Wa pili haujulikani.

Na kabla ya mvua za Oktoba tangi litazolewa tope na nyufa zake kuzibwa. Kila nyumba kumi zitaleta mfuko mmoja wa simiti. Mjomba alikwenda dukani Mutomo kuuliza bei, akarudi akicheka peke yake. Mfuko ulikuwa umetoka Athi River.